Upana wa Malka ya Mikoma

Aliyenisimulia kwanza ni Bahiya, muuza kahawa wa Garsen, Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025, siku nne baada ya mazungumzo yenyewe. Baadaye niliwauliza baba yangu mdogo, Jefwa Nyale, na Mzee Nicholas, na pale waliposema tofauti na Bahiya nitataja. Kijiwe kinaitwa Mizani, kwa sababu kiko kando ya mizani ya kupimia ng'ombe ambayo haijapima ng'ombe tangu nilipokuwa darasa la sita. Bahiya huweka jiko lake juu ya ile sahani ya chuma, na mbele yake kuna benchi la mbao za mtumbwi uliopasuka. Wanaokaa hapo kila asubuhi ni wanne. Nicholas, karani mstaafu, huitwa Hansadi kwa kuwa hatembei bila karatasi. Jefwa, mkulima, huitwa Rufaa, kwani hajawahi kukubali uamuzi wa kwanza, hata wa nani alipie kahawa. Dukicha, mfugaji, huitwa Hapo Tu, maana ukimuuliza umbali wa mahali popote hunyoosha kidole na kusema hapo tu, nawe utatembea mpaka jua litue. Wa nne ni Liban, fundi wa simu, wanayemwita Rada kwa kuwa hunasa habari kabla hazijatokea.

Malka, kwa asiye wa huku, ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni katikati ya mashamba. Malka ya Mikoma inapita kando ya shamba la Jefwa, upande wa kwenda Kilelengwani, na ng'ombe wa Dukicha wameitumia tangu enzi za baba zao. Kiangazi cha mwaka uliotangulia ng'ombe walitoka njiani, au shamba liliingia njiani, inategemea unamuuliza nani. Mwana wa Jefwa alimkata mtamba panga la mguu. Mpwa wa Dukicha alivunjwa mkono. Chifu aliwakalisha wazee hao wawili kwenye mkeka mmoja wakapeana mikono, kwa sharti kwamba kabla ya kiangazi kingine Idara ya Njia za Mifugo itasimamisha mawe ya mpaka. Kiangazi kingine kilikuwa kimefika. Visima vya malishoni vilikuwa vimekauka, na ng'ombe wa Dukicha walikuwa njiani wakishuka, siku nne au tano wafike. Mawe hayakuwepo. Wazee hao wawili waliendelea kukaa benchi moja, lakini vijana wao walikuwa wameacha kusalimiana.

Jumanne ya mazungumzo hayo, saa nne kasoro, Hansadi alifika na kurasa sitini na nne alizochapisha saiba, kwenye duka la intaneti, amezifunga kwa ukili. Zilikuwa hesabu za Idara. Kamati ya kukagua matumizi ingekaa Hola Alhamisi, na mwananchi yeyote angeruhusiwa kuuliza. Hansadi alikuwa amejitolea kwenda kwa nauli yake mwenyewe na kupeleka maswali ya kijiwe. Alivaa miwani, akaomba kahawa, akaanza kwa ukurasa wa nne.

— Katika kila shilingi mia iliyotengewa malka, themanini na nane zimekwenda kwenye utawala.

Dukicha akauliza utawala ni nani.

— Si mtu, Mzee Dukicha. Ni chai, ukumbi, mafuta ya gari, posho za safari.

— Basi ni mtu, alisema Dukicha. — Anakunywa chai, analala hoteli, anapanda gari. Mimi hapana jua kitu kingine namna hiyo.

Hansadi hakubishana. Alieleza kwamba Idara imefanya vikao kumi na kimoja vya kupanga njia hiyo moja, na vyote vimefanyika Malindi. Jefwa alisema kutoka pale walipokaa yeye hufika malka kwa baiskeli kabla jasho halijamtoka, na akataka iandikwe kama swali la kwanza: kwa nini Malindi. Hansadi aliandika. Liban akasema jibu liko wazi, huwezi kumpa mtu posho ya kusafiri kama hajasafiri, kwa hiyo kikao hakifuati malka, kikao kinafuata posho. Jefwa alisema hilo si jibu, ni tusi, lakini liandikwe pia.

Ukurasa wa ishirini ulikuwa na vikombe vya chai, elfu moja mia tisa na arubaini. Hapo Bahiya aliweka birika chini. Yeye ni mzaliwa wa Kipini na hapendi kuingia katika maneno ya wanaume wa benchi, lakini hii ilikuwa kazi yake.

— Hicho kikao kimoja chakaa na watu wangapi?

— Thalathini, kwa wastani.

Bahiya alihesabu kwa vidole, akahesabu tena.

— Yaja karibu vikombe sita kila mtu, kwa kikao kimoja. Nami nawauzia nyinyi mwaka wa tisa sasa. Hakuna aliyepita viwili, na cha pili mwataka bure.

Hilo lilikuwa swali la sita au la saba. Bahiya anasema maswali yalifika kumi na saba, Hansadi anasema kumi na manne. Nimeiona karatasi. Ni kumi na matano, na moja limefutwa kwa sababu lilikuwa linamhusu mke wa mtu.

Kutoka hapo kila mmoja alikuja na maelezo yake. Hansadi, aliyefanya kazi ofisini miaka thelathini na moja, alisema tatizo ni mwezi wa Juni. Fedha isiyotumika kabla ya Juni kwisha inarudi ilikotoka, na aliyeirudisha mwaka unaofuata hupewa kidogo, kwa hiyo afisa mwenye akili hunywa chai kwa bidii kuanzia Machi. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyewahi kuinywa. Jefwa alikata rufaa. Kwake, vikao vinakaa ili njia isipatikane. Njia ikipatikana, ugomvi unakwisha. Ugomvi ukiisha, hakuna haja ya Idara. Kwa hiyo ule mguu wa mtamba na ule mkono uliovunjika ndivyo vinavyowalipa mishahara.

— Mimi na huyu mzee, alisema akimwonyesha Dukicha kwa kikombe, — ndio waajiri wao. Tungeacha kugombana, wangekufa njaa.

— Mimi nimeacha, alisema Dukicha. — Mwanao ndiye hajaacha.

— Na mpwa wako?

— Mpwa wangu mkono mmoja tu ndio mzima. Yeye ataanzaje?

Bahiya aliwamiminia wote wawili kabla hawajaomba. Anasema hufanya hivyo anapoona sauti zimeshuka, kwa sababu wazee hao wakipiga kelele hakuna neno, lakini wakinong'ona ni hatari.

Liban akaokoa hali. Alisema wazee hawajui kusoma takwimu. Ukurasa wa thelathini unasema washiriki jumla walikuwa mia nne na kumi na wawili. Vikao kumi na kimoja, watu thelathini kila kikao, ni mia tatu na thelathini. Wale wengine themanini na wawili ni akina nani?

— Ni ng'ombe, alijibu mwenyewe. — Kikao si kilikuwa cha ng'ombe? Wameandika na ng'ombe. Manze, wazee, mkiangalia vizuri, hata sahihi zao ni alama ya chapa ya moto.

Dukicha alisema kama ni hivyo, ng'ombe wake wanadai posho, na pia zile fulana. Hansadi akathibitisha kwamba kuna fulana mia tatu kwenye ukurasa wa ishirini na sita, zenye maandishi kifuani. Hakuna mtu wa delta aliyewahi kuziona. Wakaulizana kijiji kwa kijiji mpaka Chara na Ngao, hakuna.

— Moja iko, alisema Dukicha. — Iko katika shamba la Rufaa. Imevaliwa na sanamu ya kufukuza ndege.

Jefwa alisema aliletewa na shemeji yake, naye shemeji aliipata kwa dereva, na kwamba hajui dereva aliipata wapi.

— Basi huyo sanamu ndiye mshiriki wetu, alisema Liban. — Delta nzima imewakilishwa na mti uliovaa fulana. Na manze, huenda ndiye peke yake hakunywa vikombe sita.

Walicheka, hata Jefwa. Halafu Liban, kama kawaida yake, akaendelea kupita pale alipopaswa kusimama. Alisema hata mshauri aliyelipwa kwenye ukurasa wa thelathini na moja si binadamu, ni kompyuta iliyofungwa katika chumba cha hoteli, inapumua kiyoyozi, na ile bili ya chumba ni yake. Alisema malka yenyewe imeshauzwa kwa watu wa mbali watakaochimba mchanga, na vikao ni vya kutupotezea muda. Alisema mto wenyewe una bajeti ya kuhamishwa. Hansadi aliandika mpaka kalamu ikakwama, akaitikisa, akaandika tena. Wote wanne walikuwa wamekunja nyuso sasa, si kwa sababu waliamini habari za mto kuhamishwa, ila kwa sababu wakiangalia zile kurasa hawakuweza kuapa kwamba haiwezekani.

Hapo ndipo pikapu ilipokuja ikasimama karibu na mizani, nyuma imelala chini kwa uzito. Aliyeshuka ni mwanamume wa makamo, suruali ina saruji magotini, utepe wa kupimia umening'inia kiunoni. Aliwaamkia wote, mmoja mmoja, akaanza na Dukicha. Akasema jina lake ni Ziro, fundi mwashi kutoka Marafa, na anaomba kahawa na mahamri mawili kwa sababu ametoka alfajiri.

Jefwa ndiye aliyeinuka kuchungulia nyuma ya pikapu. Kulikuwa na mawe kumi na sita ya zege, marefu kufika nyonga, yamepakwa chokaa nyeupe, kila moja na herufi za Idara. Alirudi benchini akakaa, kisha akainuka akaenda kuyaangalia tena.

— Ni ya malka, alisema. — Mzee Dukicha, ni mawe ya malka.

Bahiya anasema Dukicha alisema alhamdulillahi mara tatu, na akamlipia Ziro kahawa, jambo ambalo kijiweni halijawahi kuonekana. Hansadi alikunja karatasi zake kama mtu aliyeaibishwa kidogo na maswali yake. Wakamzunguka fundi. Wakamwambia amefika kwa wenyewe, kwamba hawa wawili hapa ndio wenye malka, huyu wa upande wa mashamba na huyu wa upande wa ng'ombe, na hakuna binadamu mwingine anayehitaji kumtafuta. Ziro alishukuru. Alisema amekodishwa pamoja na pikapu mpaka Ijumaa saa sita mchana, na kama mawe hayajasimama kufikia hapo, ana amri ya kuyarudisha bohari. Alimaliza hamri la kwanza, akapangusa mikono.

— Sasa wazee wangu, naombeni mnisaidie. Mawe nimepewa, kipimo sikupewa. Hiyo njia ina upana gani?

— Arubaini, alisema Dukicha. — Hatua arubaini.

— Kumi na tano, alisema Jefwa.

Walisema karibu kwa pamoja, na kila mmoja aligeuka kumtazama mwenzake kama amesikia mtu mwingine akizungumza kwa kinywa chake.

Ziro alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akaacha kucheka.

Jefwa alieleza kwa utaratibu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1961, mto ulipokula ukingo wa zamani, baba yake Nyale na baba yake Dukicha, Adan, walikwenda wenyewe kupima malka upya. Nyale aliwaambia wanawe ni hatua kumi na tano. Dukicha alisema ni kweli walikwenda, ni kweli baada ya mafuriko, lakini Adan aliwaambia wanawe ni hatua arubaini. Jefwa akauliza ni njia gani ya ng'ombe yenye hatua arubaini, au Adan alikuwa anajenga uwanja wa ndege. Dukicha akauliza ng'ombe watapishanaje katika hatua kumi na tano, wanaoshuka na wanaopanda, au Nyale alikuwa anapima uchochoro wa kuku.

— Usimtaje baba yangu na kuku.

— Wewe umemtaja wangu na ndege.

Sasa walikuwa wananong'ona. Bahiya aliinua birika, akaliona jepesi.

Hansadi alifungua ukili haraka. Alisema jibu limo, haliwezi kukosekana, watu hawawezi kukaa mara kumi na moja juu ya njia bila kuandika upana wake. Alipekua kutoka mwanzo. Kulikuwa na idadi ya vikombe, idadi ya chupa za maji, lita za dizeli, usiku wa hoteli, ukubwa wa ukumbi kwa futi, rangi ya fulana. Liban alimwangalizia upande wa pili wa kurasa. Kwenye ukurasa wa hamsini na nane kulikuwa na jedwali, na ndani yake mstari ulioandikwa *Upana wa malka*. Hansadi aliusoma kimya, kisha akausoma kwa sauti.

— Utathibitishwa katika kikao kijacho.

Hansadi anasema, na nadhani anasema kweli, kwamba hasira waliyokuwa nayo kwa Idara tangu asubuhi ilibaki palepale, lakini ilikosa pa kukaa. Walikuwa wamemaliza asubuhi nzima wakiuliza kwa nini watu wa Malindi hawaijui njia, na sasa mtu wa Marafa amewauliza wao, wenye njia, nao hawaijui.

Jefwa alitoa pendekezo: mawe yasimame kwa hatua kumi na tano, na Idara ikithibitisha vingine yatahamishwa. Dukicha alisema siku jiwe la kwanza litakaposimama kwa hatua kumi na tano, yeye hatakuwa na neno kwa vijana wake, atakaa tu nyumbani, na litakalokuwa litakuwa. Hakusema kwa hasira. Bahiya anasema afadhali angesema kwa hasira.

Ziro alijaribu kwa upole. Alisema ikiwa mmoja ana kumi na tano na mwingine arubaini, anaweza kugawanya katikati. Wote wawili walimkatalia kwa kauli moja. Baba zao hawakugawanya katikati, walipima.

Ndipo Bahiya, akiwa ameinama anakusanya vikombe, alipouliza kama vile anajiuliza mwenyewe:

— Hao wazee wawili, siku ya kupima, walikuwa wawili tu? Hakuna mtu wa tatu?

Dukicha akasema yuko. Baba zao hawakupima kwa miguu. Walipima kwa namna ya zamani: waliwapanga ng'ombe bega kwa bega, wakawatembeza kutoka juu mpaka majini, na mahali ng'ombe wa pembeni walipokanyaga ndipo palipokuwa mpaka. Hatua zilikuja baadaye, kila mtu akizihesabu kwa miguu yake akisimulia wanawe. Aliyewaswaga ng'ombe siku hiyo alikuwa msichana, dada mdogo wa Adan. Abdia.

— Na yu wapi?

— Nanighi, kwa binti yake.

— Ni mbali? aliuliza Ziro.

Dukicha alinyoosha kidole upande wa kaskazini.

— Hapo tu.

Benchi lote likatazama chini. Nanighi iko mbele ya Hola, mbele ya Bura, na basi linalotoka Garsen asubuhi hufika huko watu wakiwa wamechoka kuketi.

Liban alipiga simu. Haikupatikana. Alipiga mara tano. Dukicha alieleza kwamba simu ya nyumba hiyo hubebwa na mjukuu, na mjukuu yuko malishoni. Jefwa akasema hata ingepatikana yeye asingekubali jibu la simu, mtu hajui nani anaongea upande wa pili. Dukicha akasema basi atakwenda yeye, ni shangazi yake. Jefwa akasema hawezi kwenda peke yake akarudi na arubaini. Dukicha akasema na Jefwa akienda peke yake, atarudi na kumi na tano, tena shangazi hajui Kiswahili.

— Kiorma cha kuhesabu nakijua, alisema Jefwa. — Nimenunua mbuzi kwenu miaka yote.

— Basi twende wote.

— Twende wote. Na kiti cha dirishani ni changu.

Ziro aliuliza yeye afanye nini na mawe. Bahiya alimwambia ayashushe hapohapo kando ya mizani, pikapu isije ikaondoka nayo. Kisha aliligeuza birika juu chini mbele ya wote, wakaona halina kitu, wakainuka.

Yaliyofuata nayaandika kwa ufupi. Jumatano walipanda basi la asubuhi, na Jefwa alikaa dirishani. Hawakuzungumza mpaka Hola. Walimkuta Abdia kivulini akichambua maharagwe. Hakuwa amekwenda Garsen miaka kumi na minane, na kwanza aliwauliza habari za watu waliokwisha kufa, mmoja mmoja, nao wakamjibu. Walipomuuliza habari za malka hakufikiri hata kidogo. Alisema ng'ombe walikuwa kumi na wawili bega kwa bega, na yeye kando, upande wa mashamba. Anakumbuka kwa sababu mtu mmoja mrefu, baba wa huyu, alimwambia akikanyaga hindi hata moja atamrudisha mwanzo, naye alikanyaga, na mtu huyo akawarudisha ng'ombe wote juu wakaanza upya. Mara ya pili hakukanyaga. Jefwa aliuliza kwa Kiorma chake, ng'ombe wangapi. Abdia alimwonyesha vidole kumi, kisha viwili.

Alhamisi, wakirudi, waliteremka Hola wakaingia ukumbini kikao cha ukaguzi kikiendelea. Hansadi alikuwa amesimama mbele. Alikuwa ameyaweka kando maswali yote kumi na matano, akauliza moja tu, lile la Ziro. Afisa wa Idara aliangalia karatasi zake, akamnong'oneza wa kushoto, akamnong'oneza wa kulia, akasema upana utathibitishwa katika kikao cha kumi na mbili, ambacho kitaandaliwa fedha zikipatikana. Jefwa na Dukicha walikuwa wamekaa safu ya nyuma, jibu wanalo. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini hawakulisema.

— Aliyelihitaji alikuwa Ziro, alinijibu. — Na Ziro hakuwepo pale.

Ijumaa alfajiri ng'ombe wa kwanza wa Dukicha walikuwa wamefika. Vijana wa pande zote mbili waliwashika kumi na wawili kwa kamba, wakawatembeza mpaka majini, na mpwa wa Dukicha, kwa mkono wake mmoja mzima, alitembea kando upande wa mashamba. Ziro alifuata na utepe. Ilikuja hatua ishirini na sita kwa miguu ya Jefwa, ishirini na nne kwa miguu ya Dukicha. Kila mmoja alilalamika, na mawe kumi na sita yalisimama kabla ya saa sita.

Nyale, babu yangu, alifariki mwaka 1994. Adan alifariki mwaka 2003. Mzee Nicholas yuko hai, bado anachapisha, na kikao cha kumi na mbili bado anakisubiri. Jefwa na Dukicha wako hai na wanakaa benchi moja. Liban yuko hai, amehamia Mombasa. Bahiya yuko hai, na ndiye aliyesahihisha maandishi haya mahali pawili. Ziro yuko hai kwao Marafa. Abdia yuko hai, ingawa sikio la kushoto limeanza kuziba. Mto ukipanda na kuyang'oa mawe, wa kuulizwa ni yeye. Baada yake iko karatasi hii: ng'ombe kumi na wawili bega kwa bega, na nafasi ya msichana mmoja kupita bila kukanyaga hindi.